Nusu ya Juu

Mhariri wa Manila ameniandikia tena:
mpe meno meupe, mpe koti refu la ngozi,
mpe na kijana wa kumpenda, mwenye pikipiki.
Wasomaji, anasema, wamechoka na mizimu ya bibi zao.

Mimi niko Roxas, jikoni, saa nane usiku,
feni inakohoa,
na pepo wangu wa sura ya saba hana koti.
Ana mishipa ya miguu iliyovimba
na gauni la kulalia lililochanika kwapani.

Kwetu humwita manananggal.
Mchana ni mtu: anasalimia, anadai chenji yake sokoni.
Usiku hujipaka mafuta, akakatika kiunoni
kama muwa,
nusu ya juu ikaota mbawa ikaenda zake,
nusu ya chini ikabaki wima nyuma ya migomba,
ikingoja.
Ulimi wake, walisema, ni mwembamba kuliko uzi;
hupenya paa, ukalitafuta tumbo la mja mzito.
Na dawa yake chumvi.
Ukiikuta ile miguu, mwagia chumvi pale ilipokatika.
Alfajiri atarudi, atajaribu kujiunga,
na nyama itamkataa.

Bibi Pacing alinihadithia haya akichambua dagaa,
akaanza kwa kitendawili:
ndege hana miguu, miguu haina ndege.
Nilikuwa na miaka sita. Nikashindwa.
Nipe mji, akasema.
Nikampa Hong Kong,
maana ndilo jina lililokuwa likinong'onwa nyumbani wiki ile.

Akauchukua. Mama akaenda huko,
ghorofa ya kumi na tisa, kulea mtoto wa watu.

Jumapili hutokea kwenye simu:
kichwa, mabega, kifua,
na hapo kiunoni kioo kinamkata.
Nyuma yake mashine ya kufulia,
kwani humo ndimo anamolala.
Miguu yake sijaiona tangu likizo ya mwisho,
nayo ilikuwa ya mazishi.
Na ulimi, ewe mhariri, ulimi ni mrefu kweli:
unavuka bahari, unapenya bati letu
pale kwenye kona mtandao unaposhika,
unauliza: Umekula?
Toto kafanya mtihani?
Mbona umekonda? Hebu geuka nikuone.

Nusu ya chini tunayo sisi.
Ndara za bluu mlangoni, kisigino cha kushoto kimelika.
Sketi kwenye msumari.
Bibi huzipangusa vumbi kila Ijumaa,
na Manang Oping akija kuazima chumvi
hupewa dirishani, palepale nje.
Kizingiti havuki nayo.
Yeye hudhani tuna kiburi.

Jana mama kasema mkataba unaisha Machi.
Anarudi. Harudi tena kule.
Toto akaruka mpaka akaangusha sufuria.
Bibi akaendelea na dagaa wake.
Mimi nikaifungua sura ya saba, nikaitazama,
maana mtu anavyokatika nimeandika kurasa arobaini,
na anavyoungana
sina hata mstari.
Je, miguu itamkumbuka?
Miaka kumi na minne imesimama mahali pamoja,
imeota mizizi, imezoea.
Na yeye je, siku ya kwanza jikoni,
atauliza chumvi iko wapi
ndani ya nyumba aliyoijenga kofi kwa kofi la saruji?
Nani atakuwa na moyo wa kumwonyesha?

Nimemjibu mhariri:
kijana wa pikipiki hayupo.
Ipo bajaji ya Tatay Isko, breki zake mbovu,
inatoka uwanja wa ndege na maboksi matatu
ya sabuni na nyama ya kopo,
na mama amebanwa katikati yake, haongei,
anatazama nje kama mgeni anayehesabu vituo,
na binti wa miaka ishirini kakaa kando
hajui pa kuweka mikono,
ndara za bluu ziko mapajani mwake.